Mjadala: Nani awajibike kwa ustawi wa mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo?

Mtoa hoja

Naomba tujadili hoja hii: chuo kikuu kinapompeleka mwanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, wajibu wa kuangalia usalama wake, afya yake ya akili na utu wake unabaki kwa chuo mpaka siku atakaporudi, na wajibu huo ni maneno matupu iwapo mwanafunzi hana haki ya kuondoka mahali panapomdhuru bila kupoteza mwaka wa masomo.

Wapo watakaosema jambo hili lilikwishaamuliwa zamani, kwa kuwa kila chuo kina mlezi wa wanafunzi, kina ofisi ya ushauri nasaha na kina kitabu kinene cha taratibu. Shida ni kwamba huduma hizo zimepangwa kwa ajili ya mwanafunzi anayelala na kuamka chuoni. Ofisi ya ushauri inakuwa wazi saa zilezile ambazo mwanafunzi wa mafunzo yuko kazini, wenzake aliozoea kuwaeleza shida zake wametawanyika kwenye vituo vingine, na pengine amepanga chumba mahali asipomjua mtu hata mmoja. Msaada unakatika wakati uleule ambao haja yake inaongezeka, maana ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya mgonjwa, mteja au darasa zima la watoto, huku akijua kwamba kila anachokifanya kinaandikwa mahali.

Hata tukiongeza namba za simu za msaada na washauri wa zamu ya usiku, bado hatujagusa kiini. Kiini ni alama. Mtu anayempangia mwanafunzi kazi ndiye anayesaini daftari lake la kumbukumbu za kila siku, ndiye anayejaza fomu ya tathmini, na katika taratibu nyingi ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupelekewa malalamiko. Mwanafunzi mwenye akili timamu anapiga hesabu hiyo mapema sana na kuamua kunyamaza. Muhula ukiisha, chuo kinakusanya fomu, kinakuta hakuna aliyelalamika, na kinaandika kwenye ripoti kwamba mafunzo yalikwenda vizuri. Ukimya wa aina hiyo mimi siuhesabu kuwa ushahidi wa chochote.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili yaende pamoja: anayepokea malalamiko asiwe na mkono katika alama, na mwanafunzi anayeondolewa kituoni kwa sababu ya kudhurika apewe njia nyingine ya kukamilisha somo hilo katika mwaka uleule. Ningependa kusikia hasa kutoka kwa wale wanaopokea wanafunzi.

Msimamizi wa kituo, fani ya uhandisi

Ndugu mtoa hoja, nimepokea wanafunzi kwa miaka kadhaa na nitasema wazi kwamba hoja yako inanitia wasiwasi, hasa kwa kuwa imeandikwa na mtu anayeonekana kumjua mwanafunzi kuliko anavyojua kituo.

Sisi hatulipwi kwa kupokea wanafunzi. Fundi wangu anaacha kazi yake ili amwelekeze kijana ambaye, wiki za mwanzo, anapunguza kasi ya kazi kuliko anavyoiongeza, na hiyo ni gharama tunayoibeba kwa hiari kwa sababu na sisi tulibebwa na wengine. Ukiniongezea juu yake kuhojiwa, kujaza fomu za ustawi, na uwezekano wa kuondolewa mwanafunzi katikati ya kazi niliyomkabidhi kwa sababu ametoa malalamiko nisiyoyajua, utaona kwamba wakubwa wangu hawatabishana nawe, watafunga mlango tu. Vituo vikubwa vyenye idara ya rasilimali watu vitamudu masharti yako. Karakana ndogo yenye watu sita, ambako pengine mwanafunzi angejifunza zaidi kwa kuwa angeshika kila kitu kwa mikono yake, itasema haina nafasi.

Jambo la pili ni kwamba kazi ina ugumu wake wa asili. Kuna siku mtambo unaharibika usiku na watu hawaendi nyumbani, na kuna siku mkubwa anakuambia kazi yako ni mbovu nawe unajisikia vibaya mpaka kesho yake. Nikimficha mwanafunzi mambo hayo nitakuwa nimemdanganya kuhusu fani aliyoichagua. Ninaomba mnionyeshe mpaka uko wapi kati ya ugumu unaofundisha na ugumu unaodhuru, kwa sababu kwenye hoja hii sijauona.

Na kwa haki kabisa, vyuo navyo vijitazame. Tunaletewa kijana na barua ya utambulisho yenye mistari minne. Hatuambiwi amefundishwa nini, anatakiwa ajue nini atakapoondoka, wala tumpigie nani simu akiugua. Mwaka mmoja kijana alianguka kazini kwa kukosa usingizi, tukapiga namba ya chuo iliyokuwa kwenye barua siku nzima bila kupokewa.

Mkufunzi wa uuguzi

Swali la mpaka kati ya ugumu unaofundisha na unaodhuru ni zuri, na katika fani yetu tumelazimika kulijibu kwa sababu wanafunzi wetu wanakutana na vifo. Jibu letu, kwa uzoefu, ni kwamba tofauti haiko katika uzito wa tukio. Mwanafunzi anayeshuhudia mgonjwa akifariki kwa mara ya kwanza, kisha akakalishwa na muuguzi mzoefu kwa robo saa, akaulizwa aliona nini na angefanya nini tofauti, anatoka akiwa amejifunza hata kama atalia njiani. Mwingine anayeshuhudia kifo hichohicho na kuambiwa atandike kitanda kwa sababu mgonjwa mwingine anasubiri, anabaki na jambo ambalo hakuna aliyemsaidia kulibeba. Tukio ni moja, ila wa kwanza alikuwa na mtu pembeni yake.

Kuhusu kutenganisha alama na usimamizi, mtoa hoja hapendekezi jambo geni. Baraza la uuguzi na ukunga la Uingereza lilipotoa viwango vipya vya mafunzo mwaka 2018 lilitenganisha kazi hizo: kuna msimamizi wa vitendo anayefanya kazi na mwanafunzi siku kwa siku, kuna mtathmini wa vitendo anayeamua kama amefikia kiwango, na kuna mtathmini wa upande wa chuo anayeshirikiana naye. Msimamizi wa kila siku bado anatoa maoni yake, lakini neno la mwisho si lake. Viwango hivyohivyo vinataka mwanafunzi awe ziada juu ya idadi ya wafanyakazi wanaohitajika zamu hiyo, ili asihesabiwe kuwa muuguzi kamili kwenye ratiba. Kwenye makaratasi ni safi sana. Wodi ikipungukiwa watu usiku, mwanafunzi anageuka kuwa jozi ya mikono kama kila mtu, na hapo ndipo kifungu kizuri kinapohitaji mtu mwenye ujasiri wa kusema hapana.

Ninachokikataa katika hoja ya awali ni kuzungumzia mafunzo kana kwamba yote ni sawa. Mwanafunzi wa uuguzi Uingereza anatakiwa kumaliza saa 2,300 za vitendo kabla ya kusajiliwa. Mwenzake wa fani nyingine huenda akawa na wiki chache tu katika shahada nzima. Anayekaa wiki chache kwenye kituo kibaya anaweza kuvumilia na kuondoka. Anayerudi wodini tena na tena kwa miaka anabadilika tabia, anajifunza ukatili kama sehemu ya kazi, na kesho ndiye atakayewasimamia wengine. Ikiwa rasilimali ni chache, zianze kwenye fani za saa nyingi.

Mhitimu

Nimesoma michango yote mitatu, na naona kuna jambo linazungukwa. Wanafunzi wengi wanaonyamaza hawanyamazi kwa sababu ya uchovu. Wananyamaza kwa sababu ya rushwa ya ngono, matusi na vitisho, na wanaofanya hayo ni watu wenye heshima kazini ambao chuo kinawahitaji mwakani.

Nilipokuwa kwenye mafunzo, msimamizi wa kituo nisichokitaja alizoea kunipa kazi za kubaki naye jioni, na maneno yake yalikuwa ya aina ambayo ukiyaandika kwenye karatasi yanaonekana ya kawaida. Nilimweleza mhadhiri aliyekuja kutukagua. Alinisikiliza kwa huruma, akaniambia zimebaki wiki tatu, nivumilie. Simlaumu sana, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kunipeleka na hakuwa na mamlaka ya kunihamisha. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na haikunisaidia chochote.

Kwa anayesema masharti yataogopesha vituo, ningemkumbusha kwamba sheria ya kimataifa tayari imefika huko. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unawataja kwa jina watu walio katika mafunzo, wakiwemo wanagenzi na walio kwenye mafunzo ya muda kazini, kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Tena hauishii ndani ya ofisi. Unahusu safari za kikazi, makazi yanayotolewa na mwajiri, mawasiliano ya simu na mitandao yanayohusiana na kazi, na hata njia ya kwenda na kurudi kazini. Kituo kinachosema hakiwezi kupokea mwanafunzi iwapo atalindwa dhidi ya hayo kinatueleza jambo kuhusu kituo chenyewe.

Mratibu wa mafunzo kwa vitendo, chuoni

Naandika nikiwa upande unaolaumiwa na wote, kwa hiyo nitajaribu kueleza kazi hii inavyoonekana ukiwa ndani yake. Mhadhiri anayekwenda kukagua ana orodha ya wanafunzi waliosambaa vituo vingi, ana siku chache, na nauli aliyopewa inamlazimu kupanga safari kwa kufuata barabara na si kwa kufuata nani ana shida. Anapofika, msimamizi wa kituo anakaa naye mezani, mwanafunzi anaitwa, na maswali yanaulizwa mbele ya mwenyeji. Ziara ya namna hiyo inathibitisha kwamba mwanafunzi yupo hai na daftari lake limeandikwa. Jambo moja lisilogharimu chochote, ambalo nashangaa hatujalifanya kanuni, ni kwamba sehemu ya ziara iwe ya faragha kati ya mhadhiri na mwanafunzi, nje ya jengo ikiwezekana, na iwe mapema badala ya wiki za mwisho ambapo ushauri pekee unaobaki ni kuvumilia.

Kuna suala la taarifa za afya ambalo halijaguswa, nami naliona gumu kuliko yote. Mwanafunzi anayetumia dawa za sonona, au mwenye kifafa, au aliyewahi kujaribu kujidhuru, je, kituo kijulishwe? Tukisema kijulishwe, anaweza kukataliwa kabla hajafika, au akapokelewa na kutazamwa kwa jicho la wasiwasi muda wote. Tukisema kisijulishwe, anapangiwa zamu za usiku mfululizo ambazo daktari wake angezikataza. Msimamo wangu ni kwamba taarifa ni mali ya mwanafunzi, na kinachopelekwa kituoni ni mahitaji yake tu: asipangiwe usiku, apewe ruhusa ya kliniki siku fulani, asipande juu. Jina la ugonjwa libaki kwake. Najua wenzangu kadhaa hawakubaliani nami, na hoja yao kwamba kituo kina haki ya kujua hatari siyo ya kipuuzi.

Halafu kuna fedha, ambazo wapenda kuzungumzia afya ya akili huziruka. Mwanafunzi aliyekuwa akijilipia kwa kibarua cha jioni anaacha kibarua ili afanye kazi nzima bila malipo, na palepale anaanza kulipa nauli na chumba cha pili. Nimeona wanaoitwa wavivu au wasio makini kumbe hawajala. Australia iliona hivyo, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 serikali yake inatoa malipo ya kila wiki, yaliyoanzia dola 331.65 za nchi hiyo, kwa wanafunzi wa ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii walio kwenye mafunzo ya lazima, kwa masharti ya kipato. Fani nyingine, mathalani tiba ya mifugo, ziliachwa nje, na malalamiko yao yana msingi. Ufaransa ilikwenda njia tofauti kwa kumtaka anayempokea mwanafunzi zaidi ya miezi miwili amlipe kiwango cha chini kilichowekwa kisheria. Kila njia ina kasoro zake: ya kwanza inategemea bajeti ya serikali, ya pili inaweza kuvishawishi vituo kuomba mafunzo mafupi. Hata hivyo, mshauri nasaha hawezi kumtibu mtu njaa.

Mchangiaji mwingine

Mimi naona tunalea watu wazima kama watoto. Sisi tulipita humohumo, tukatukanwa, tukakesha, na leo tuko imara. Mwajiri hatauliza kuhusu ustawi wako.

Mtoa hoja

Nianze na mchango huu wa mwisho. Kwamba waliobaki ni imara hakuelezi lolote kuhusu walioacha masomo au fani, ambao hawapo hapa kuchangia. Mwezi Agosti 2013 kijana Mjerumani wa miaka 21, mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya likizo katika benki moja jijini London, alikutwa amefariki baada ya kufanya kazi usiku na mchana. Uchunguzi wa kifo ulionyesha kwamba alipata kifafa, na aliyeuongoza alisema uchovu huenda ulichangia ingawa halikuwa jambo la kuthibitika. Sitaki kuifanya habari hiyo ithibitishe zaidi ya inavyothibitisha. Ninachokiona ndani yake ni kwamba panapokuwa na ushindani wa kupata ajira mwishoni mwa mafunzo, hakuna haja ya mtu kuamriwa akeshe, atakesha mwenyewe. Ndiyo maana uimara wa mtu binafsi hauwezi kuwa kinga, na kikomo cha saa lazima kiwekwe na mtu mwingine.

Mwalimu wa uuguzi ametoa jibu la mpaka ambalo ni bora kuliko ambalo ningelitoa, nami nalichukua pamoja na pendekezo lake la kuanzia kwenye fani za saa nyingi.

Kwa msimamizi wa uhandisi, hofu yako ya mwanafunzi kuondolewa ghafla naielewa, ila tazama jinsi sheria ya Ufaransa inavyolishughulikia jambo hilo. Mafunzo yanaongozwa na mkataba wa pande tatu, yaani chuo, kituo na mwanafunzi, na yakikatizwa kwa sababu ya ugonjwa, ajali au ujauzito, au kwa makubaliano na chuo pale ambapo makubaliano ya kielimu ya mkataba hayakufuatwa, chuo kinatakiwa kuyathibitisha hata kama muda haujatimia, au kumpa mwanafunzi njia mbadala ya kukamilisha. Angalia kwamba katika utaratibu huo kituo hakihukumiwi kwanza. Swali la nani mkosaji linatenganishwa na swali la mwanafunzi atamalizaje masomo yake. Leo tumeyafunga pamoja, kiasi kwamba mwanafunzi hawezi kuondoka mpaka athibitishe kosa la mtu anayempa alama. Yakitenganishwa, malalamiko mengi hayatahitaji hata kuwa malalamiko. Mwanafunzi atahama, chuo kitarekodi, na jina la kituo kilekile likijitokeza kwa wanafunzi wa miaka tofauti, ndipo uchunguzi utakapofanyika, tena ukiwa na uzito kuliko neno la mtu mmoja.

Hilo, ndugu mhitimu, ndilo ambalo mhadhiri wako alilikosa. Huruma alikuwa nayo, akakosa kanuni inayomruhusu kukuhamisha siku ileile.

Mhitimu

Nakubali, kwa tahadhari moja. Kuhama kimyakimya kunamsaidia aliyehama, na kunamwacha msimamizi yule na mwanafunzi anayefuata. Rekodi inayosubiri majina yajikusanye kwa miaka ina maana kwamba kuna watakaopita hapo katikati bila kuonywa. Kwa makosa ya jinai, chuo kisisubiri wa pili.

Msimamizi wa kituo, fani ya uhandisi

Hapo kwenye jinai sibishani, na nadhani hakuna kituo cha heshima kitakachobisha.

Kuhusu mengine, nimebadilika kidogo. Mkataba wa pande tatu unanifaa kuliko barua ya mistari minne, ilimradi uandikwe kwa pande zote kweli. Ukinitaka nisizidishe saa, andika ni saa ngapi. Ukitaka mwanafunzi asipande juu, nijulishe kabla sijampangia kazi, na kwa hilo nakubaliana na mratibu kwamba sihitaji kujua ugonjwa wake. Ukitaka kumwondoa, niambie siku hiyohiyo kwamba ameondoka na kama kuna tuhuma dhidi ya mtu wangu, hata bila undani, kwa sababu huyo mtu bado anafanya kazi na wengine walio chini yangu. Na alama za mwisho zichukuliwe na chuo, mimi nitabaki kueleza nilichokiona. Kusema kweli sijawahi kufurahia kumpa mtu namba baada ya kumfahamu wiki nane.

Sharti langu ni namba ya simu. Iwe ya mtu mwenye jina, anayepokea hata usiku, na mwenye mamlaka ya kuamua bila kuitisha kikao. Chuo kikiniwekea hiyo ndani ya mkataba, nitasaini na kupokea wanafunzi wengi kadiri ninavyowapokea sasa. Kisipoiweka, kurasa nyingine zote zitakuwa zimenihamishia mimi kazi ambayo mtoa hoja amesema ni ya chuo.